Mzee katoka Lamu kuja Nairobi mwezi mzima, siku ya 6 anataka kurudi. Nimekosea wapi?

Mtoto wa Langoni
Assalam aleikum, na kwa wengine habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, naandika nimekaa kwa ngazi za ghorofa manake ndani mzee amelala sebuleni na sitaki mwanga wa simu umuamshe.

Iko hivi. Babangu ana miaka 71, nahodha mstaafu, ameendesha majahazi ya boriti tangu hajaota ndevu, na umri wote huo Nairobi hajawahi kuikanyaga, mwisho wake ilikuwa Mombasa. Sasa macho yamemsumbua kama miaka miwili, jicho la kulia lina mtoto wa jicho limekuwa jeupe kama la samaki aliyepikwa, tukajichanga mimi na kakangu tukasema aje huku afanyiwe oparesheni, na akimaliza akae kidogo, mwezi hivi, acheze na mjukuu wake ambaye alikuwa anamuona kwa simu tu. Mama hakuweza kuja, dadangu yuko arubaini.

Safari yenyewe ilikuwa sinema. Nilimwambia asibebe kitu, akaja na nazi 30, boksi zima la ng'onda, ukwaju, halua, na mikate ya mofa kaifunga kwa gazeti. Mashua hadi Mokowe alfajiri, basi mpaka Mombasa na vile vizuizi vya njiani vya kushuka kuonyesha vitambulisho, akalala kwa shangazi Kuze, kesho yake treni ya saa 9 mchana. Kama mshapanda ile treni mwajua pale Miritini mizigo inapangwa chini mstari mmoja, watu mnarudi nyuma, halafu mbwa anapitishwa kunusa. Basi mbwa kafika kwa boksi la ng'onda, kasimama. Askari anavuta kamba, mbwa hatoki. Mzee akaitwa afungue mbele ya halaiki, askari kuona ni papa mkavu akacheka akamwambia pita mzee. Watu wote walicheka isipokuwa mwenyewe, nilipompokea Syokimau saa 3 kasoro usiku neno la kwanza baada ya salamu ni "mbwa ametia pua." Mpaka leo lile boksi liko nje balkoni.

Siku mbili za kwanza raha tupu. Siku ya tatu nikaanza kuona mambo. Chai anakunywa kikombe kimoja asubuhi basi, jioni akipewa anasema ameshiba. Maji hanywi, ati maji ya huku hayana ladha. Chakula anadonoa. Mke wangu (kwao Malindi, anajua kupika, msiniletee hiyo) kampikia samaki wa kupaka, wali wa nazi, kila kitu, mzee anasifu mtuzi halafu anaacha nusu. Mchana kutwa yuko msikitini, na alfajiri saa 10 na nusu ashatoka na jirani wetu mmoja Msomali wa ghorofa ya chini wanatembea dakika 20 gizani na hii baridi ya mwezi wa 6, mimi nikawa najisifu kazini kwamba mzee wangu hakosi swala ya jamaa.

Jana usiku kaniita kaniambia, "Mwanangu, nimekuona, mjukuu nimemuona, alhamdulillahi. N'katie tikiti n'rudi." Jicho bado! Daktari tumepangiwa wiki ijayo. Nikamuuliza kuna mtu kakuudhi? Hapana. Mke wangu kakukosea? Astaghfirullah, mkaza mwana wangu ni mwana mwema. Sasa ni nini? "Basi tu."

Hiyo basi tu ndo imenileta kwa ngazi usiku huu. Fleti ni vyumba viwili, ghorofa ya 4 hatuna lifti, Embakasi. Kimoja chetu, kingine mtoto na dada wa kazi, mzee tumempa sebule, tumemnunulia godoro jipya na blanketi mbili. Mimi na wife tunatoka saa 12 asubuhi tunarudi saa 2. Nifanyeje wadau?

Kaskazi
Pole ndugu. Mzee hana ugonjwa, ni baridi hiyo. Mtu wa Lamu mwezi wa 6 Nairobi ni kama kumtia samaki friji. Mnunulie koti la maana na soksi uone.

Mkweli Mchungu
Nitasema ambalo wengine hawatasema. Nyinyi mnaleta wazee Nairobi mpige nao picha kwa gari muweke status. Mtu amezoea kukaa baraza, kila anayepita anamsalimia kwa jina, unakuja kumfungia ghorofa ya nne na rimoti. Jela ina watu angalau. Mkatie tikiti.

Mtoto wa Langoni
@Mkweli Mchungu gari lenyewe sina. Lakini nimekusikia.

Kisima cha Malindi
Mimi wangu alikuwa mama, na alikuja Mombasa tu hapo Bamburi si hata mbali. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka Malindi, kaifunga kwa kanga, nikamwambia mama tuna blenda akaniangalia kama nimemtukana. Sasa saa 11 alfajiri ameketi jikoni kwa tailisi anakuna, krrr krrr krrr, kumbe ile mbuzi inagonga sakafu na chini yetu kuna kijana anafanya kazi usiku ndo kwanza anaingia kulala. Siku ya tatu kijana akapanda juu amekasirika, mama kamfungulia mlango, hakumuacha aongee, kamkalisha kampa mahamri na mbaazi za nazi ile ile. Toka siku hiyo kila asubuhi kijana anapiga hodi. Mama alikaa miezi miwili na alipoondoka yule kijana alilia kuliko mimi. Kwa hivyo sio wote wanachoka mji, inategemea ana shughuli gani. Mzee wako umempa shughuli gani?

BintiPate
Kaka kabla watu hawajakujazia maneno mengi nina swali moja. Choo chenu kiko wapi, na kina komeo?

Mkweli Mchungu
😂😂 choo tena

BintiPate
Nimeuliza mwenye uzi.

Mtoto wa Langoni
Choo ni kimoja, pamoja na bafu, kiko kwa ukumbi mlango unatazamana na chumba chetu. Komeo liliharibika tangu mwaka jana, sisi tunasukuma tu mlango na mtu akiwa ndani anasema kuna mtu. Kwani vipi?

BintiPate
Sasa jisomee mwenyewe ulivyoandika. Mzee hanywi chai jioni. Hanywi maji. Anadonoa chakula. Saa 10 na nusu usiku katoka kwenda msikitini, mchana kutwa msikitini. Msikitini kuna nini ambacho kwako hakuna? Kuna choo chenye mlango unaofungika! Mzee wa Kiamu aingie msalani mlango hauna komeo na mkaza mwana yuko hapo hatua mbili? Atafunga tumbo mpaka arudi Mokowe. Na huwezi kumsikia akikwambia hilo, angekufa kwanza. Babangu alikaa kwangu Kongowea siku nne akaondoka na "basi tu" hiyo hiyo, ilichukua mwaka mzima mama kuniambia.

Kaskazi
Nafuta koti langu na soksi zangu. Dada umemaliza.

Mtoto wa Langoni
BintiPate umeniua. Nimesoma hii nikiwa kazini nikatoka nje nikasimama tu. Yani mimi najisifu hakosi jamaa ya alfajiri kumbe mzee wangu anatembea dakika 20 gizani kwenda haja.

Abu Tafi
Usijilaumu sana, jamaa pia alikuwa anaipata. Thawabu ziko pale pale.

Mtoto wa Langoni
Nawaletea jibu. Mke wangu nilimpigia simu nikamsomea, akanyamaza halafu akasema "na mimi jioni huwa naoga naimba." Yeye ndo alipitia hadwea akanunua komeo, shilingi 150. Nikafika nyumbani nikaanza kulipiga, sikusema kitu, nikajifanya ni kazi iliyonichelewa tu. Mzee akainuka kwa kochi akaja kunishikia tochi ya simu. Akapapasa ubao kwa kidole gumba akasema skurubu hizo fupi zitatoka, mlango huu ndani mtupu, ni makaratasi. Kweli ulikuwa mtupu! Tukatafuta kijiti, akakichonga kwa kisu cha jikoni, tukakitia ndani ya tundu kwanza ndo tukakaza skurubu. Mtu mwenye jicho moja zima. Akalifunga na kulifungua kama mara nne hivi. Hakuna aliyesema neno.

Mke wangu na dada wa kazi wakaingia chumbani mapema na mtoto wakafunga mlango. Saa 5 usiku nasikia maji yanamwagika bafuni, yanamwagika, yanamwagika. Asubuhi kaomba chai kikombe cha pili.

Habari ya tikiti hajaitaja tena.

Kisima cha Malindi
Shilingi 150 jamani. Na sisi tunanunua magodoro.

DadaWaMvita
Nyinyi wenye wakwe hebu mskize pia upande wa mkaza mwana. Mimi babamkwe akija kwangu navaa dera na mtandio saa zote ndani ya nyumba yangu mwenyewe, sikai sebuleni, nakula jikoni nimesimama. Simlaumu, ni heshima na mimi ndo nilivyolelewa, lakini wiki ya pili hata mimi nahesabu siku kama yeye. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na daka (baraza ya mlangoni), na kiwanda (ua wa ndani), na upande wa wanawake, mgeni mwanamume anaishia pale kwa wageni na kila mtu anapumua. Hizi fleti mlango ukifungua tu ushaona kitanda.

BintiPate
@DadaWaMvita umesema kweli tupu. Wazee wa Lamu walijenga ile nyumba ya mawe chumba nyuma ya chumba, ukitoka mlangoni kwenda ndani unazidi kuingia faraghani, halafu sisi tunalipa kodi kubwa kukaa kwa kasha.

Bongo Mkazi
Huku Dar ni hivyohivyo wakuu. Baba yangu mdogo alitoka Kilwa kuja Mbagala akatuambia nyumba hii haina mahali pa kukasirikia.

Mtoto wa Langoni
Wadau nimerudi, na hii mtanicheka, chekeni tu.

Mzee tangu amefika alikuwa anaangalia msala wangu kwa jicho baya. Sebuleni tumezoea kuutandika kuelekea ukuta wa tivii. Sasa yeye msikitini anaona kibla kivingine, lakini barabara za huku zimepindapinda, akifika ghorofani ashapoteza upande, na jua lenyewe siku tano halikuonekana, mawingu tu. Aliniuliza, "Yua la nti hii lina haya?" Nikacheka sikujua anatafuta nini.

Jumapili likatoka. Mzee akaamka kusimama dirisha la jikoni, kaangalia linapochomoza, kanyamaza. Karibu saa 6 na nusu mchana akachukua fimbo ya ufagio na kopo la rangi lenye mchanga akapanda juu kwa rufu pale tunapoanika nguo, kasimamisha fimbo katikati ya mashuka ya watu, akaketi anaangalia kivuli. Nikamfuata. Akanieleza taratibu kama naenda kupewa chombo kesho: mwezi huu jua liko kaskazini yetu, hata linapotoka limeegemea upande wa kaskazi, na likifika kati kivuli kinakuwa kifupi kabisa na kinaangukia kusini, basi kinyume cha kivuli ndo kaskazini, na Makka kutoka Nairobi ni kaskazini hivyo hivyo, imependa mashariki kidoogo. Kutoka kwetu Lamu pia ni kaskazini ila inapenda magharibi kidogo, manake Lamu iko mashariki ya Makka kwa unyoya na Nairobi iko magharibi yake. Haya yote bila simu.

Tukashuka ndani. Mimi miaka 3 nimekuwa nikiswali kuelekea Karen.

Abu Tafi
😂😂😂😂 Allahu akbar. KAREN.

Kaskazi
Nani alikwambia kibla ni kwa tivii?

Mtoto wa Langoni
Siku nahamia nilimuuliza fundi wa mabomba akaninyooshea kidole. Baadaye nikapata programu ya simu lakini dira yake inazunguka kama imelewa, nadhani ni ile nondo ya ukutani.

Ustadhi wa Mtaa
Ulipaswa kujitahidi mwenyewe kutafuta, fundi bomba si hoja. Kuna kauli za kulipa swala hizo.

Abu Tafi
Ustadhi miaka 3 hesabu yake unaijua? Tusifanye uzi fatwa, akamuulize shekhe wake. Na lile boksi la ng'onda mbwa alitia pua au ulimi? Pua kavu na boksi kavu hakuna kitu, ikiwa ulimi ni mara 7 moja kwa mchanga, na boksi la karatasi likioshwa mara 7 litabaki dua.

Mtoto wa Langoni
Mzee alishalitupa boksi akaacha samaki, samaki walikuwa ndani ya mfuko. Tumewala.

Lakini subirini, ile fimbo ya ufagio haikuishia hapo. Soja wa geti alimuona mzee wangu kakaa peke yake rufuni saa saba mchana anaangalia ufagio ndani ya kopo, akapanda mbio akidhani ni mambo ya uganga, mmoja wa wapangaji kashamuita. Mzee akamueleza naye. Kumbe soja kwao ni Port Victoria kule Busia, kazaliwa kwa wavuvi, babake alikuwa na mtumbwi wa tanga ziwani. Basi wakaanza. Nilipotoka chini jioni naenda kununua maziwa nikawakuta getini mzee kakalia kreti ya soda, soja kasimama, wanabishana kama ziwa ni bahari. Soja anasema kule kuna mawimbi yanazamisha mtu, ng'ambo hauioni, kuna upepo wa usiku wa kupelekea chombo na wa mchana wa kurudishia. Mzee kamskiza mpaka mwisho akauliza, "Mai yake, yana munyu?" Hayana chumvi. "Mai ya kunwa hayo. Si bahari."

Na mabishano hayajaisha mpaka leo, siku ya 13. Mchana haendi tena msikitini kukaa, anaenda kuswali anarudi kwa kreti yake. Mama wa mboga anamuita nahodha. Vijana wa boda wanamuita kapteni. Ejenti wa ploti alibandika karatasi kwamba wasio kazini wasikae getini, soja kaisoma kwa sauti halafu kaenda kutafuta kreti ya pili.

Mkweli Mchungu
Mimi niliyesema akatiwe tikiti naomba radhi. Lakini nilisema baraza na baraza ndo imepatikana, mniandikie hilo.

Kisima cha Malindi
Umeandikiwa. Jicho je?

Mtoto wa Langoni
Jicho. Jina la hospitali silitaji. Mara ya kwanza tulifika saa 1 asubuhi, tukakaa mpaka saa 8 mchana ndo tunaambiwa mashine ya kupimia imekwama rudini Alhamisi, na hakuna aliyekuja kuwaambia wazee pale kwa benchi, mpaka uende dirishani mwenyewe uulize. Wengine walikuja na njaa. Mimi nilipandisha hasira, mzee kanishika mkono: "Na bandarini husubiri, mwanangu, hata siku tatu."

Alhamisi ikafanyika. Nilidhani ni oparesheni ya kulala, kumbe jicho linatiwa ganzi, hakulala hata usingizi, si muda mrefu katoka kafunikwa jicho anaulizia chai. Jioni tuko nyumbani. Kazi iko baada ya hapo. Matone kila baada ya saa kadhaa, asisugue jicho, asibebe kizito, maji yasiingie machoni siku za mwanzo, asiinamishe kichwa chini. Daktari msichana mdogo anaeleza vizuri, mzee anaitikia, ilipofika kuinama akamkata, "Na sijda?" Yule daktari hakubabaika, akamwambia kwa sasa kaa kitini baba, ishara inatosha. Mzee hakupenda, lakini kakubali. Nyumbani kiti kikawekwa kuelekea kibla kipya na mjukuu wake akawa anakaa chini mbele yake, kila mzee akiinamisha kichwa kidogo yeye anapiga sijda kamili, ukimuuliza anasema "namfanyia babu."

Kesho yake wakafungua bandeji. Watu hutaka kusikia alilia au alisema nini cha maana. Alipepesa, kaangalia dirishani, kaangalia ukuta, halafu akanigeukia mimi akaniangalia sana.
"Kumbe una mvi."
Nina miaka 38. Nikamwambia ni Nairobi. Akaendelea kuniangalia tu, mpaka nesi akaja na karatasi.

DadaWaMvita
Hapo kwa mvi nimeweka simu chini.

BintiPate
Anarudi lini sasa?

Mtoto wa Langoni
Nilitaka nimalizie mwezi uishe. Karejea kuangaliwa jicho, daktari karidhika, siku ya 24 asubuhi katandika blanketi zake zote mbili kazikunja pembe kwa pembe kaziweka juu ya godoro. Hapo sikuuliza. Safari hii hakusema basi tu, alisema mjukuu wa dada yako kamaliza arubaini sijamuona. Akimaanisha mtoto wa dadangu, kwake wote ni wajukuu.

Mke wangu alimfungia vitu kibao, kati ya hivyo blenda kwa ajili ya mama. @Kisima cha Malindi usicheke, najua itawekwa kabatini. Mzee akaniomba nimuandikie namba ya soja kwa karatasi, kubwa, aione. Namba yangu anayo kwa moyo tangu 2009, lakini nadhani hajawahi kunipigia ila kuna msiba. Soja akabeba begi mpaka kwa teksi, wakashikana mikono, na mzee wakati gari linaondoka akafungua kioo akamwambia "ndoo Lamu, uonde bahari." Akimaanisha njoo uonje, soja akaitikia nitaonda mzee.

Abu Tafi
Nitaonda 😂 kashakuwa Mwamu.

Mtoto wa Langoni
Wadau mara ya mwisho nawasumbua na huu uzi. Ni wiki ya tatu tangu mzee aondoke. Mimi hupiga nyumbani kila Ijumaa, naongea na mama dakika kumi, mzee anapewa simu anasema tuko salama alhamdulillahi haya zungumza na mamako. Ndo mazungumzo yetu hayo miaka yote.

Leo natoka kazini saa 2, nafika getini, soja kaniambia kabla sijamsalimia, "Mzee anasema kusi limechachamaa, mashua za nje hazitoki siku ya nne leo, na samaki sokoni imepanda. Jicho liko sawa ila jioni linamtoa machozi kidogo, amemaliza ile chupa ya pili. Na mamako ameumwa na jino." Mamangu ameumwa na jino! Mimi mwanawe sina habari, soja wa Port Victoria anayo. Nikamuuliza mnaongea mara ngapi. Ati jioni akiingia zamu, na mzee ndo hupiga, yeye hurudisha akiwa na krediti.

Nilisimama pale kidogo nikamuuliza na mambo mengine ya nyumbani. Alikuwa nayo mengi tu.

Sasa shida iliyonileta: miwani ya kusomea ilikuwa itoke baada ya jicho kutulia, imetoka jana, na msahafu wake umelala hausomeki. Kuna mtu anashuka Lamu wiki hii anaweza kubeba? Ni kikasha kidogo tu. Kurusha na parseli za basi naogopa itavunjika.

BintiPate
Mimi nashuka Alhamisi na treni ya asubuhi, Mombasa nalala, Ijumaa niko Mokowe. Niletee Syokimau saa 1 asubuhi usichelewe. Na umwambie soja kama ana mzigo wake wa mzee auchanganye humo humo.

Mtoto wa Langoni
Anao. Omena (dagaa wa ziwani), kilo mbili, za Port Victoria. Anasema mzee aonje alafu ndo aseme tena si bahari.

Abu Tafi
BintiPate ukirudi na mzigo wowote, Miritini mwangalie yule mbwa.